Rufaa Kutoka Edani

Mume wangu alikufa kwa homa ya siku tano, akaniachia mtoto wa kiume, nyumba mpya pale Nguvumali, na choo ambacho wakubwa wa mji hawakukipenda. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Watu nikiwahadithia hucheka wanapofika kwenye choo, nami huwaacha wacheke, maana kweli kinachekesha. Miezi ile mimi sikucheka.

Nianze na hicho choo. Viwanja vya safu yetu, katika miaka ile ya hamsini, viligawiwa pamoja na ramani. Unapewa namba ya kiwanja na karatasi iliyochorwa nyumba: vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, na kwenye pembe ya ua, kando ya uchochoro, choo. Ujenge hivyohivyo, Bwana Afya aje akague, ndipo upewe kibali. Aliyeichora ramani ile simjui wala sijui alikaa wapi, lakini alililaza shimo la choo kaskazini kwa kusini. Kwetu Tanga kibla iko kaskazini. Basi mtu akichutama, ama anaielekea kibla ama anaipa mgongo, na yote mawili tulifundishwa kuyaepuka tangu tulipokuwa watoto wa chuo cha Kurani.

Mtaa mzima ulilijua hilo na mtaa mzima ulikuwa na dawa yake. Kila mtu alichimba kama karatasi ilivyotaka, akamwonyesha Bwana Afya, akapigiwa muhuri, na wiki ya pili akamwita fundi akavunja sakafu na kuigeuza, vikanyagio vikatazama mashariki na magharibi. Hakuna aliyejiona mwongo. Ramani ya serikali, choo cha mwenye nyumba.

Mume wangu alikuwa seremala, na useremala ulimharibu. Hakuweza kutengeneza kitu huku akijua atakibomoa. Akaligeuza shimo lenyewe tangu mwanzo, akazungusha ukuta, na kwa kuwa shimo sasa lililala kwa upana wa ua, ukuta ukatokeza futi mbili ndani ya uchochoro. Bwana Afya alipokuja, mume wangu alimpa kahawa, akampeleka mwenyewe hadi chooni, akamwambia, "Hapa nimegeuza, bwana, kwa ajili ya kibla." Alisema kwa furaha, akidhani anamsaidia mwenzake kuona kosa la ramani. Bwana Afya alikuwa Mbondei mpole, Mkristo. Alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru kwa kahawa, akaandika. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa uani, na nilijua palepale kwamba tumekwisha.

Tulikuwa tumehamia bila kungoja kibali, kwa sababu mwenye nyumba wetu wa Ngamiani alikitaka chumba chake. Siku chache baada ya ukaguzi mume wangu akaanza kutetemeka. Alizikwa siku ya Ijumaa. Jioni ile wanawake wakanivua vipuli na bangili, wakanivika nguo nyeupe, wakaniingiza chumba cha nyuma, na mama mkwe akahama kwake na mkeka wake, akaja kuniweka eda.

Kwa asiyejua: mjane hukaa ndani ya nyumba aliyofiwa miezi minne na siku kumi. Hatoki, hajipambi, hatii wanja wala manukato, haonani na mwanamume asiye maharimu wake, yaani yeyote anayeweza kumwoa. Mama mkwe alikuwa mwanamke mfupi, mchache wa maneno, na eda aliijua kama mpishi anavyojua chumvi. Mtoto wangu alikuwa amechukuliwa na mama yangu kwenda Muheza ili aachishwe ziwa. Kwa hiyo chumbani tulikuwa sisi wawili, kitanda, mtungi, na dirisha moja ambalo mama mkwe alilitundikia kanga. Safari yangu pekee ilikuwa kutoka chumbani kupita uani hadi chooni, hatua kumi na saba, na kurudi kumi na saba. Nilikitembelea choo kile mara nyingi kuliko haja. Huko ndiko nilikoliona jua.

Barua ilikuja wiki ya tano. Mimi nilisoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tu, zile za chuoni, na barua ilikuwa ya herufi za Kizungu. Akaitwa jirani yangu wa mkono wa kulia, Mshambaa, Mlutheri, mke wa mtu aliyekuwa nyapara wa shamba la mkonge kabla hawajahamia mjini. Aliketi juu ya mkeka, akavaa miwani ya mumewe, akasoma polepole. Barua iliandikwa kwa marehemu. Ilisema ombi lake la kibali limekataliwa, kwa kuwa choo hakikufuata ramani na kimeingia uchochoroni. Nyumba isikaliwe na mtu. Mwenye ombi akitaka, aombe upya baada ya kubomoa, au akate rufaa katika siku thelathini.

"Isikaliwe," nikasema. "Na mimi siruhusiwi kutoka."

Jirani akavua miwani. "Shoga, hapo wamekukamata huku na huku."

Alfajiri ya pili shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alikuwa ameketi kibarazani. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alilia kaburini kuliko wote. Lakini alikuwa na wake wawili katika chumba kimoja cha kupanga, na nyumba ya kaka yake ilikuwa na vyumba sita. Alizungumza nami kupitia mlango, mama mkwe akiwa kati yetu na mlango umeachwa wazi kidogo.

"Shemeji, maiti hawezi kuomba upya," akasema. "Lazima aombe mtu aliye hai. Mimi nitabomoa choo, nitaandika ombi kwa jina langu, mambo yataisha."

"Na mtoto wa kaka yako?"

"Mtoto ana miaka miwili. Nitamshikia."

Jirani yangu alikwenda ofisi ya viwanja kwa niaba yangu akamwuliza karani, na karani, mtu wa haki, alimweleza bila kuficha. Ombi jipya ni faili jipya, na jina litakaloandikwa juu yake ndilo litakaloandikwa kwenye kiwanja. Rufaa ni jambo jingine, inakwenda katika faili lilelile la marehemu, na ikikubaliwa kiwanja kinabaki kwa warithi wake, yaani mwanangu, mimi nikishika kwa ajili yake. Kwa hiyo njia zilikuwa mbili tu. Nikikubali kubomoa, nyumba inakwenda kwa shemeji. Nikikata rufaa nikishindwa, natolewa, na nyumba inakwenda kwa shemeji vilevile.

Nikakata rufaa. Kwanza niliiandika mwenyewe kwa herufi nilizozijua, kurasa mbili, mwandiko wangu mzuri. Ikarudishwa na ujumbe wa karani kwamba ofisini hakuna wa kuisoma. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni, na mama mkwe akaniambia machozi ya hasira hayahesabiwi katika eda. Tukaiandika upya. Mimi nikisema, jirani akiandika, na kila mara akisimama kuniuliza.

"Sasa hapa niandikeje? 'Kuchutama'?"

"Andika 'kukaa'."

"Kukaa ni kwenye kiti, shoga. Watadhani mnataka viti." Akafikiri. "Sisi kwetu mlimani shimo linaelekea kule mteremko unakokwenda, na Mungu hajauliza."

"Wenu hajauliza," nikasema, na hata mama mkwe akageuza uso ili asionekane anacheka.

Nadhani ndiyo siku pekee iliyokuwa na kicheko. Baada ya hapo mvua za masika zilianza, chumba kikanuka udongo mbichi, na shemeji akawa anakuja kibarazani kila siku baada ya alasiri. Hakuwa na neno baya. Alikohoa, alisalimu, aliuliza kama nimepata jibu. Nilianza kukijua kikohozi chake kutoka mwanzo wa mtaa. Usiombe kukaa ndani ya nyumba ambayo mtu anaingoja.

Jibu lilikuja zikiwa zimebaki siku ishirini na mbili nitoke eda. Jirani akasoma: rufaa itasikilizwa Jumanne, saa tatu asubuhi, ofisini. Mkata rufaa afike mwenyewe kujibu maswali. Asipofika, rufaa imeanguka.

Shemeji alikwisha kupata habari kabla hajaketi. "Mimi nitakwenda badala yako. Wewe utie dole gumba tu hapa, kwamba mimi ndiye msemaji na mwenye madai. Fimbo ya mbali haiui nyoka, shemeji. Mimi ndiye niliye karibu."

Karatasi ikapitishwa chini ya mlango. Niliitazama siku mbili ikiwa juu ya sakafu, pale ilipoingia. Mama mkwe alifagia chumba akaizunguka.

Siku ya tatu walikuja wanaume wawili wa mtaani, watu wazima, majirani wa safu yetu. Walibisha hodi kwa adabu, wakakataa kahawa. Mkubwa wao akasema kupitia mlango, "Bibi, tumesikia unaitwa. Mungu akusaidie. Ila ukiulizwa habari za vyoo vingine, utukumbuke. Tuna watoto." Nilielewa. Hoja yangu nzuri kuliko zote ilikuwa hiyo: kwamba karibu nyumba zote za safu zimegeuza, na mume wangu alikuwa pekee aliyesema kweli. Nikiitoa, Bwana Afya atazunguka na kalamu yake nyumba kwa nyumba, na nitaishi katikati ya watu niliowabomolea. Nisipoitoa, nitasema nini?

Usiku sikulala, mchana sikula. Mama mkwe, bila kuniambia, alimpelekea salamu mwalimu wa chuo, mzee aliyenisomesha juzuu. Akaja akasimama nje ya dirisha lenye kanga. Nilimpa shikamoo, akaitikia, kisha akasema kwamba mwenye eda akiwa na haja isiyo na budi, atoke mchana, arudi kwake kabla ya jua kuzama, wala eda yake haiharibiki. Alisema polepole mara mbili ili mama mkwe naye asikie, akaenda zake.

"Umesikia, mama," nikasema.

"Nimesikia. Kitabu kinaruhusu." Alikuwa akikunja mkeka. "Mtaa hauruhusu."

Hakunizuia, wala hakuniruhusu. Jumanne asubuhi nilimkuta amenitolea buibui lake mwenyewe, la zamani, limefifia, lisilo na harufu hata ya udi. Ameliweka kitandani na yeye ameelekea ukutani kana kwamba amelala. Nilivaa. Jirani yangu alikuwa akinisubiri kwenye mlango wa uani. Tulitoka kwa uchochoro, tukipita kando ya zile futi mbili za ukuta wa mume wangu, nikaugusa.

Sikuwa nimetembea zaidi ya hatua kumi na saba kwa miezi mitatu na nusu. Kufika barabara kubwa nilimshika jirani mkono. Malori ya mkonge yalipita, wanawake wa Muheza walikuwa na matenga yao ya machungwa, mtu mmoja alikuwa akigombana na baiskeli yake, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba mimi ni mtu aliyetoroka. Nilitaka kufurahi nikashindwa. Kila kikohozi nyuma yangu nilidhani ni cha shemeji.

Ofisini walikuwa watatu nyuma ya meza: Mzungu mwenye miwani, Mhindi mwenye duka la vyuma ambaye alikuwa mjumbe wa baraza, na mzee wa Kiswahili wa mjini, mwenye kanzu na koti, mjumbe vilevile. Pembeni alisimama mkalimani. Niliambiwa nikae, nikakaa kwenye kiti, nikakumbuka maneno ya jirani, na nilimshukuru Mungu kwa buibui lililoficha uso wangu.

Mzungu aliuliza kwa nini mume wangu aliharibu ramani. Nikasema hakuiharibu, aliigeuza kwa ajili ya kibla. Mkalimani alikuwa kijana wa bara, akatafsiri kwa maneno machache mno. Mzungu akaendelea kutazama karatasi. Nikarudia. Nikamwomba ramani, nikainyooshea kidole: huku ni kaskazini, huku ndiko tunakosali, na mtu chooni anakaa hivi. Mhindi alitazama dari. Sikuwahi kusema maneno kama yale mbele ya wanaume na sikuwahi tena, na ilibidi niyaseme nikiwa mjane mwenye eda, mbele ya wageni watatu, kwa sauti ya kusikika.

Mzungu akavua miwani yake, akasema neno refu. Mkalimani akanigeukia. "Bwana anasema, safu yenu ina nyumba zaidi ya ishirini na zote zimepita ukaguzi. Karibu wote ni Waislamu kama wewe. Wao wanafanyaje? Kuna wengine waliogeuza?"

Nilimwona yule mzee mwenye koti akiangalia mikono yake. Nilijua kwa namna alivyoiangalia kwamba na choo chake kimegeuzwa.

"Sijui, bwana," nikasema. "Mimi niko eda. Sijatoka nje tangu nifiwe."

Na hilo la kutotoka lilikuwa kweli tupu. Mzee akakohoa, akasogeza kiti, akaanza kusema na Mzungu kwa Kiingereza, kwa muda mrefu, akichora kwa kidole juu ya meza. Sikuelewa hata neno. Mwisho niliambiwa niende nyumbani, jibu litaandikwa.

Tulirudi kabla ya adhuhuri. Shemeji alikuwa kibarazani na bibi wawili wa mtaa, na hawakuinuka. Mmoja akasema, si kwangu bali kwa hewa, "Mwenye eda katoka sokoni." Nikasema sikwenda sokoni. Shemeji akasema taratibu kwamba hakuna haja ya kubishana, mambo yatazungumzwa na wazee. Niliingia ndani nikalivua buibui. Mama mkwe alikuwa amekwisha kunitekea maji.

Barua ilifika siku kumi na moja kabla eda yangu haijaisha. Jirani aliisoma mara moja kimoyomoyo, kisha akaanza kulia, ndipo akaisoma kwa sauti. Rufaa imekubaliwa. Choo kibaki kilivyo. Kibali kitolewe kwa warithi wa marehemu, mimi nikiwa mshika kiwanja mpaka mtoto awe mkubwa. Viwanja vya safu iliyofuata, nilikuja kusikia baadaye, vilitolewa na ramani nyingine. Niliishika karatasi ile kwa mikono miwili na kwa mara ya kwanza tangu afe nikamlilia mume wangu mwenyewe, si hali yangu.

Jirani alipokwenda kwake, mama mkwe akafunga mlango wa chumba, akaketi mbele yangu.

"Kesho atawaita wazee," akasema. Alimsema mwanawe wa kumzaa. "Atasema umevunja eda ya kaka yake, mwanamke wa namna hiyo hawezi kushika mali ya yatima. Bibi wale wawili watashuhudia."

"Mwalimu amesema haikuvunjika."

"Mwalimu atasema mara moja, ataondoka. Huyu atakaa pale kibarazani miaka. Namjua, nimemzaa." Akanisogelea. "Anza upya."

Nilidhani sikusikia.

"Anza upya, mwanangu. Miezi minne na siku kumi, tangu leo. Nitawaambia mimi mwenyewe kwamba umeianza upya kwa hiari yako, kwa heshima ya marehemu. Hatakuwa na la kusema, wala wao."

"Nimebakiza siku kumi na moja, mama."

"Zitupe."

Nilimwambia maneno ambayo mkwe hamwambii mama mkwe. Nilimwambia kwamba si dini, ni ukatili, kwamba nimemshinda Mzungu na baraza zima na sasa ananifunga yeye. Alingoja mpaka nilipokosa pumzi. Nikamwuliza, "Nyumba hii ni ya nani?"

"Yako. Umeipata mwenyewe."

"Basi nifungulie mlango."

"Yako," akasema, na hakusogea mlangoni.

Alikuwa mwanamke mfupi, mzee, na mimi nilikuwa na nguvu. Ningemsukuma kwa mkono mmoja. Sikumsukuma, na mpaka leo, nikiwa na umri kupita ule aliokuwa nao, sijui kama ilikuwa heshima au woga, au kwamba nilijua anasema kweli. Sijamsamehe wala sijaacha kumshukuru. Nilirudi kitandani nikaketi, naye akautandaza mkeka wake upya kando yangu, akaniuliza leo ni mwezi ngapi, ili tuanze kuhesabu pamoja.